Mbweha wa Jumamosi

Waliokuwepo sebuleni siku ile ni hawa. Mimi, mama mwenye nyumba kwa maneno tu, maana nyumba ilikuwa ya kupanga na mpangaji alikuwa mwanangu. Mwanangu huyo, kitindamimba wangu, niliyemfuata Marekani baada ya baba yake kufariki. Binti yake, mjukuu wangu, aliyekuwa darasa la pili. Mama wa huyo mtoto, Mkenya, nesi, aliyekuwa mke wa mwanangu na wakati huo alishahamia mji wa Columbia kwa mwanamume mwingine. Mtani wetu, mwanamke wa Kichaga wa jengo la pili kutoka letu, kazi yake kutunza wazee majumbani mwao. Na mwanamke mmoja wa Kimarekani aliyetumwa na mahakama. Wa saba alikuwa mbweha, ila yeye alikuwa ndani ya televisheni.

Majina yao ninayo yote. Ninayo na ya baba zao, na la mbwa wa jirani pia ninalo. Mimi sikupita darasa la nne, na mtu asiyezoea kuandika mambo huyaweka kichwani yakakaa. Lakini majina nimeamua yabaki hukohuko. Wenyewe bado wako hai, na yupo mmoja ambaye akiliona jina lake hapa ataninunia mpaka siku ya kunizika.

Na kilichokuwa kinatafutwa siku ile nakisema sasa hivi, msomaji asihangaike. Mwanangu alikuwa anampata mtoto wake Jumamosi tu, asubuhi mpaka jua linapozama. Yeye alitaka mtoto alale. Aje Ijumaa, arudi Jumapili. Basi. Hakutaka kitu kingine duniani, na yote aliyoyafanya mwaka ule, ya akili na ya kijinga, aliyafanya kwa ajili ya hilo.

Sisi ni Wapare wa Same, wa kule juu milimani. Huko Marekani, mji wa Gaithersburg, tulikaa kwenye nyumba za matofali za kupanga, sisi tukiwa chini kabisa, kwenye mlango wa kioo unaofunguliwa kwa kuusukuma pembeni, unatoka nje kwenye nyasi. Mwanangu alikuwa anaendesha gari la kupeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, anapanda na kushuka barabara kuu ya 270 kutwa nzima, anarudi shingo imekakamaa. Mimi nilibaki na televisheni. Kiingereza sikijui, na vipindi vyao ni watu wamekaa kwenye makochi wanaongea, watu wasioonekana wanacheka. Nilikuwa naizima.

Halafu mwanangu akanunua kwenye duka la mitumba boksi la diski za katuni za zamani, zile za kabla yeye hajazaliwa. Alimnunulia mtoto, lakini aliyenufaika ni mimi. Zile hazina maneno. Ni muziki, na vishindo, na mtu anaanguka.

Huyo mbweha alikuwa mwekundu, amekonda, shingo ndefu, amevaa kizibao na tai. Kwa nini mnyama avae tai hakuna aliyenieleza. Anamtaka bata bukini mmoja aliyenona anayekaa bwawani. Kila hadithi ni hiyohiyo. Mbweha anachimba shimo, analifunika majani, anatumbukia mwenyewe. Anajifanya nguo kwenye kamba ya kuanikia, mama mwenye nguo anakuja anamkamua, anampiga pasi. Anakata tawi alilokaa bata, tawi linabaki juu, mti ndio unaoanguka, na yeye yuko chini yake. Bata anamwangalia, anatikisa mkia, anarudi majini. Mbweha anajikung'uta, anarekebisha tai, tunaanza upya.

Mjukuu wangu alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Mimi nilikuwa nachekea vishindo, lakini moyoni nilikuwa upande wa mbweha, kwa sababu mbavu zake zinahesabika na yule bata hajawahi kukosa chakula hata siku moja. Siku moja nikamuuliza mtoto:

“Mke mwenzangu mdogo, hebu niambie. Huyu mbweha kosa lake nini?”

Ndivyo nilivyokuwa namtania. Kiswahili alikisikia chote, tena vizuri, ila kujibu alijibu Kiingereza. Alisema, “Yeye ndiye mbaya, Bibi.” Hayo niliyaelewa.

“Mbaya kwa nini?”

Akafikiri, kidole mdomoni. Akasema, “Kwa sababu anataka.”

Nilimwita mwanangu kutoka jikoni anitafsirie, nikihisi labda sikuelewa vizuri. Nilikuwa nimeelewa. Mbaya ni yule anayetaka. Bata hataki kitu, ana bwawa lake, ndiye mwema.

Na kingine nilichokiona katika katuni zile ni kwamba mbweha hafi. Mwamba unamwangukia anakuwa bapa kama chapati, anainuka. Ndio maana tunamcheka. Angekufa mara moja tu, watoto wangelia na ile diski ingetupwa. Lakini hafi, kwa hiyo anapigwa tena, na hakuna anayemwonea huruma, kwa sababu kesho atakuwepo.

Sasa mwanangu. Nimezaa saba, wanne wako hai, na katika wote hakuna aliyezaliwa na mkosi kama huyu. Alipokuwa mdogo, kama kuna punda ana tabia ya kupiga teke, atapigwa yeye. Kama kuna maziwa ya mgeni, atayamwaga yeye, tena miguuni kwa mgeni. Nilimwombea, nikamchapa, haikusaidia. Ni mrefu, shingo ndefu, mikono haijui inapoishia. Mkewe alimpenda kwa upole wake, na akamwacha kwa upole huohuo. Mwenyewe aliniambia hivyo jikoni kwangu, bila hasira: “Mama, mimi sina ubaya na yeye. Lakini nimechoka kuishi na mtu hajui kusema hapana.” Yule mwanamume wa Columbia anajua kusema hapana. Ana kazi ya kompyuta kule Fairfax, nyumba ya ghorofa mbili na bustani, na kitu kikiharibika mle ndani anaita fundi.

Miezi ya mwanzo baada ya kuachana, mtoto alikuwa akija kwetu anakaa kwenye kochi na koti lake mwilini. Unamwambia avue, anasema anasikia baridi. Hakukuwa na baridi. Anaangalia katuni, anacheka na mbweha, baba yake akikaa karibu anasogea kidogo. Si kwa chuki. Unavyosogea kumpisha mgeni.

Mpaka Jumamosi moja nilikuwa nimefuta ule mlango wa kioo kwa siki na gazeti, ukawa kama haupo. Mwanangu akaja mbio na kiti cha plastiki kichwani, anataka tukakae nje. Alijibamiza uso, kiti kikamkalia shingoni, akaserereka mpaka chini polepole, pua imebonyea kwenye kioo. Damu ikamtoka. Na nyuma yetu nikasikia kicheko. Mtoto amesimama juu ya kochi, koti limemvuka bega moja, anacheka mpaka kwikwi imemshika. Anamwonyesha baba yake kidole, anataja jina la mbweha.

Mwanangu alikuwa chini, mkono puani. Nilimwona akimwangalia mtoto. Sijui kama nimewahi kuona mtu mwenye damu mdomoni ana furaha vile.

Jumamosi iliyofuata akaugonga tena. Mimi nilikuwa nakuna nazi, nikamwona dhahiri akipunguza mwendo kabla ya kioo. Mama huwezi kumdanganya. Alipunguza, akakaza macho, akajigonga. Mtoto akavua koti.

Basi ikawa kazi. Alikuwa akishatoka na wagonjwa wake anakaa Ijumaa anafikiria aanguke vipi kesho yake. Alijimwagia unga. Alikaa kwenye kiti alichokilegeza misumari mwenyewe. Alipanda ngazi kubadilisha balbu, ndoo ikiwa inamngoja chini kwa mguu wake. Mtoto akaacha kumwita baba, akawa anamwita jina la yule mbweha, na yeye anaitika. Anaitika kwa mbio, kama anaitwa na bosi.

Nilimwambia. “Mwanangu, huyu hacheki na baba yake. Anamcheka mbweha.”

“Mama, si anacheka?”

“Anacheka.”

“Basi niache.”

“Na siku utakapotaka akusikilize?”

Akafunga barafu kwenye taulo, akaiweka juu ya goti. “Kwanza alale hapa, Mama. Mengine yatakuja.”

Sasa nieleze utani, maana najua watakaosoma haya wamo wasioujua. Wapare na Wachaga ni watani. Mchaga akinikuta ana ruhusa ya kunitukana mbele za watu, na mimi nina ruhusa ya kumtukana yeye, na atakayekasirika ameshindwa. Sisi tunatajwa kwa kesi na ubahili, wao kwa kupenda pesa. Anaweza kuja kwenye msiba wangu akajifanya anagombea jeneza, akadai marehemu alikuwa mlafi, apunguziwe mbao. Na huyohuyo ndiye atakayechota maji, atakayepika, atakayekaa na wafiwa watu wengine wakishaondoka. Kwetu mtoto haelezwi hayo. Anakua anayaona yote mawili, matusi na ndoo ya maji, anajua.

Mtani wetu wa Gaithersburg alikuwa fundi wa utani. Alikuwa hafiki mlangoni kimyakimya.

“Hodi humu! Wapare mpo, au mmekwenda mahakamani kushitaki kuku?”

“Tupo, Mchaga. Subiri kwanza nifiche pochi.”

“Pochi ya Mpare mimi niiguse? Nife kwa njaa? Yuko wapi huyu mlevi wako?”

Mlevi ni mwanangu, ambaye hajui hata harufu ya pombe. Alikuwa anamwita mlevi, mwizi wa kuku, mtu aliyemuuza mama yake kwa sahani ya makande akarudisha chenji. Mwanangu si hodari wa kujibu. Atasema, “Na wewe... na wewe Mchaga,” halafu anaishiwa, na mtani anampiga kofi la mgongo: “Umeona? Hata kutukana hawezi, ataoaje tena huyu?” Alipougua kifua, mtani huyohuyo alikuwa akitoka kazini kuwageuza wazee wa watu anakuja moja kwa moja kwetu na sufuria la mtori, ile supu ya ndizi na nyama, anamlisha kwa kijiko kama mtoto, huku anamtukana. Nasema ili mjue ni mtu gani.

Lakini mtoto alikuwa anakuja Jumamosi tu. Mtori hakuuona. Aliyasikia matusi, akacheka, maana yalimfaa mbweha.

Mwanangu akapeleka mahakamani maombi ya mtoto kulala. Mama wa mtoto hakukataa. Aliniambia kwenye simu, “Mama, huyo mtu wa korti akikuja aone nyumba iko sawa, mimi sina shida. Lakini mtoto ananiambia vitu nashindwa kuelewa. Ati baba yake hujigonga kwa kioo. Mtu mzima! Kwa nini?” Nilimwambia ni mchezo. Akasema, “Haya.”

Chumba changu nilikitoa. Mwanangu alikipaka rangi ya zambarau aliyoichagua mtoto, na kwa maajabu ya Mungu hakuanguka na kopo. Nikahamia sebuleni. Siku yenyewe nilipika pilau toka asubuhi, yeye akapiga pasi shati jeupe, akanyoa, akafunga tai.

Nilipoiona ile tai nilitaka kusema. Sikusema, kwa sababu alikuwa amependeza.

Mama wa mahakama alifika kwanza, mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, sauti ya taratibu. Alikiangalia chumba, akagusa godoro, akafungua friji, akanisalimia kwa kuniinamia kidogo, nikampenda. Halafu mtoto akafika na mama yake. Televisheni ilikuwa imewashwa, nani aliiwasha sijui, na mbweha alikuwa anafukua shimo lake.

Mtoto akasimama mlangoni. Akamwangalia baba yake juu mpaka chini. Akapiga yowe la furaha, akaita lile jina. Ile tai ndiyo iliyokuwa imekosekana miezi yote! Akamshika mkono anamvuta kwenye kioo.

“Leo hapana, mama,” mwanangu akamwambia. Alikuwa anamwita binti yake mama, kwa kuwa amerithi jina langu.

Mtoto akadhani na hilo ni sehemu ya mchezo. Akamvuta zaidi.

“Nimesema hapana. Kaa chini tuongee na mgeni.”

Ilikuwa ndiyo hapana yake ya kwanza tangu mtoto azaliwe, na aliichagulia siku ile. Mtoto hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Machozi yakaanza kumtoka. Mama wa mahakama akauliza anataka nini kwenye kioo. Mama wa mtoto, ambaye hajui kudanganya, akamweleza: baba hujigonga hapo, mtoto hucheka. Mgeni akauliza, hujigonga kwa bahati mbaya? Mwanangu akasema, “Mwanzoni.” Hili nalo nililielewa kwa namna yule mwanamke alivyoacha kutabasamu.

Bado ingetengenezeka. Mimi nilianza kupakua pilau. Chakula kinatengeneza mengi.

Ndipo nikasikia hodi.

Nilikuwa nimemwomba mtani asije. Akaja, kwa upendo. Alifikiri nyumba ya watu wawili itaonekana haina ndugu, akabeba sinia la ndizi kwa nyama limefunikwa kitambaa, akavaa gauni la kanisani. Na kwa sababu alikuwa na wasiwasi, alitia chumvi kuliko siku zote.

“Hodi! Mlevi yuko wapi? Eti wanataka kumpa mtoto mtu huyu? Huyu aliyeuza blanketi la mama yake akanywea? Mficheni mtoto, atauzwa kabla ya Jumapili!”

Akampiga mwanangu kofi la mgongo, akacheka, akaweka sinia mezani, akampa mama wa mahakama mkono kwa heshima zote. Yule mwanamke naye akacheka, maana hakuelewa kitu. Akamgeukia mtoto, ili amtulize kidogo kwa kumshughulisha, akamwuliza, Shangazi amesema nini?

Mtoto akafuta machozi. Kutafsiri ndiyo ilikuwa kazi yake, dukani, hospitalini, kila nilipokwenda naye. Hakuwahi kukosea neno. Akatafsiri. Mlevi. Blanketi la bibi. Kuuzwa kabla ya Jumapili. Na akaongeza kwa faida yetu yale ya siku nyingine, mwizi wa kuku na makande na chenji, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa.

Mama wa mahakama alimgeukia mama wa mtoto. “Ni kweli ndivyo alivyosema?”

“Ndivyo alivyosema,” akajibu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaniambia mimi kwa Kiswahili, “Mama, huyu anakunywa? Na hamkuniambia?”

“Hanywi! Ni utani, mwanangu. Huyu ni mtani wake.”

“Utani ni nini? Ni jokes? Kwetu mtu hawezi sema maneno kama hayo mbele ya mtoto kama si ukweli.”

Miaka waliyoishi wote wawili, mwanangu hakuwahi kumweleza. Mtani alikuwa hajahamia, haikuwa na haja.

Sasa mwanangu akaanza kumweleza mama wa mahakama. Mwanangu Kiingereza anakijua. Lakini nendeni mkakiseme kitu hicho kwa Kiingereza muone. Kwamba kabila lake lina haki ya kutukana kabila langu. Kwamba hiyo ni heshima. Yule mwanamke akamwuliza, taratibu sana, “Na wewe unajisikiaje unapotukanwa?” Akasema anajisikia vizuri. Yule mwanamke akaandika.

Mtani alipoona kalamu inatembea, akachanganyikiwa. Akapiga magoti pale chini, gauni la kanisani na yote.

“Mimi ningekuwa simpendi ningemwita bwana! Mwambieni! Ningemwita mheshimiwa!” Halafu akamshika mwanangu tai. “Nitukane na wewe! Nitukane, huyu mama aone kwamba ni mchezo! Fungua mdomo we Mpare, leo ndiyo leo, nitukane!”

Nilisema acha. Sauti yangu haikusikika. Maana mwanangu ameambiwa kuna njia, na mwanangu akiambiwa kuna njia anakwenda.

Alivuta pumzi. Akainua kidole. Na yule mtoto wangu asiyejua kujibu, aliyeishia kila siku kwenye na-wewe-na-wewe, siku hiyo Mungu akamfungulia. Alimtukana yule Mchaga tusi refu, lenye kichwa na miguu, kuanzia migomba ya babu yake mpaka mizani ya duka la mjomba wake, mpaka wazee wa Kizungu anaowageuza vitandani kama anatafuta noti chini yao. Alinguruma. Mishipa ya shingo ilimsimama. Mimi nimesikia watani wakubwa, wa misiba ya machifu, na nawaambia lile lilikuwa tusi zuri.

Mtani alicheka mpaka akalala chini, akapiga makofi. “Huyo! Huyo ndiye!”

Wengine hawakucheka. Mama wa mahakama alikuwa amesimama, amejiweka kati ya mwanangu na kochi. Na mtoto alikuwa nyuma ya mama yake, ameshika koti lake, analivaa. Analivaa haraka, mkono mmoja umekosa tundu. Mbweha hajawahi kunguruma. Yeye huanguka tu.

Mwanangu akamwona. Akaishiwa palepale, kidole kikiwa bado hewani. Halafu, nisamehewe kwa kusema, alifanya kitu cha kijinga kupita vyote. Aligeuka akaenda akajigonga kwenye kioo.

Kwa nguvu. Mlango mzima ulitikisika. Akageuka na uso umejaa damu, anamtazama mtoto, anamngoja acheke.

Mama wa mtoto akamfunika mtoto macho.

Uamuzi haukuchelewa. Kulala, hapana. Jumamosi za nyumbani nazo zikaondolewa. Amwone kwa saa moja, kwenye kituo huko Columbia, chumba chenye vitu vya kuchezea vya watu wote, na mwangalizi pembeni. Aende pia darasa la kutawala hasira. Yeye! Alikwenda, akakaa na wanaume waliovunja wake zao meno, na mwalimu akamsifu kwamba anaendelea vizuri. Mtani alitaka kwenda mahakamani kusema, akaambiwa asiende, maana angesema. Akaacha kuja kwetu kwa aibu. Siku alipokuja tena alibisha mlango kwa vidole, akasema “shikamoo, mama,” akamwita mwanangu bwana. Nililia siku hiyo, siku nyingine zote sikulia.

Nilikuwa nafuatana na mwanangu Columbia. Mwendo wote kwenye gari ameweka mikono miwili kwenye usukani kama anaendesha wagonjwa. Chumba kilikuwa na viti vidogo vya rangi na zulia lenye picha ya barabara. Mtoto anakaa huku, baba kule, mimi katikati na pakiti ya biskuti. Anamwuliza shule vipi, anasema nzuri. Anamwuliza mama hajambo, anasema hajambo. Anachora.

Mara ya mwisho niliyokwenda, mtoto alikuwa amerefuka, ameanza kuogelea na timu, na alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nikamwona mwanangu anakitazama kile kiti kidogo. Nikamshika goti, nikamwambia kwa Kipare aache. Akasimama, akajifanya anafuata kalamu ya rangi, akakikalia upande, kiti kikamtoka, akaenda chini miguu juu, kichwa kwenye sanduku la matofali ya plastiki, yakamwagikia shingoni yote. Alianguka vizuri. Alikuwa amejifunza.

Mwangalizi akainuka haraka: bwana, uko sawa? Bwana, tafadhali usifanye hivyo hapa. Mtoto hakucheka, aliinama kwenye mchoro wake. Akasema neno moja au mawili kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama. Baba yake alikuwa bado chini, matofali kifuani, kichwa amekiinua anasikiliza. Sikuyapata maneno, na nilipomwuliza ndani ya gari hakunijibu. Baada ya hapo mtoto akawa na mashindano ya kuogelea kila Jumamosi, ikawa mara moja kwa mwezi, ikawa simu, ikawa sikukuu.

Hayo ndiyo niliyonayo. Mtani, kama kulikuwa na tusi jingine siku ile nimeliruka, liongeze, ni haki yako. Mama wa mtoto, kama nimekusemea usilosema, nipigie. Na wewe mjukuu wangu, sasa ni mtu mzima, na nasikia Kiswahili unakisoma chuo kwa mwalimu. Masikio yangu yalishaanza kuharibika mwaka ule, na ulikuwa umeinama, nywele zimekufunika uso. Mimi nimeandika kwamba hukucheka. Kama ulicheka, hata kidogo, hata kwa pua, niambie nilifute hapa, nimwambie na baba yako.